Mama, aliyeua kuku wako si yule mbweha wa televisheni

Mama mmoja anayefuga kuku kando ya barabara ya Kasapa, nje kidogo ya Lubumbashi, ameniandikia hivi:

"Nilikuwa na kuku 23 wa kienyeji. Jumamosi usiku mvua ilinyesha sana, hatukusikia kitu. Asubuhi nikakuta 14 wamekufa, wamelala huku na huku, wawili tu ndio walioliwa kidogo, na mmoja haonekani. Wavu umevutwa chini. Mtoto wangu wa sekondari anasema ni renard, amemwona kwenye televisheni akiingia bandani huko Ulaya. Jirani anasema ni mbweha, tumtegee nyama yenye dawa ya panya. Je, huyo mnyama mwekundu yuko kwetu? Kwa nini aue asile? Na tukimuua, itakwisha?"

Mama, pole kwanza. Kuku 14 si kitoweo tu, ni minerval, ada ya shule ya mtoto, imelala chini asubuhi moja.

Nianze na jina, maana nusu ya ubishi wenu na jirani ni ubishi wa jina. Kiswahili kina neno moja, mbweha, nalo linabeba wanyama ambao Kifaransa kimewatenga: renard huku, chacal kule. Mtoto akisema renard anaona mnyama mwekundu juu ya theluji. Jirani akisema mbweha anaona yule wa kijivu wa porini kwetu, ambaye wazee wa Kibemba humwita mumbwe. Mnabishana juu ya wanyama wawili, na huenda wote wawili hawahusiki. Nitafika huko.

Mbweha mwekundu, kwa jina la kitaalamu Vulpes vulpes, ndiye mla nyama wa mwituni aliyeenea kuliko wote wa nchi kavu. Yuko Ulaya nzima, Asia hadi Japani, na Amerika ya Kaskazini. Afrika amegusa ukingo wa juu tu: Moroko, Aljeria, Tunisia, Misri, akashuka kidogo na mto Nile hadi Sudan ya kaskazini. Jangwa likamwambia basi. Katanga hayupo, wala Kongo nzima hayupo.

Kusini mwa jangwa kuna jamaa zake wengine, lakini nao wameturuka. Mbweha masikio, yule mdogo mwenye masikio kama majani ya taro, anayeishi kwa kula mchwa, yuko Kenya na Tanzania, kisha yuko tena Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Katikati hapo kuna pengo la kilomita kama 1,000. Mbweha mgongo mweusi naye ana pengo la namna hiyo hiyo. Wanapenda nchi kavu na wazi, na katikati umelala msitu wa miombo wenye mvua nyingi. Lubumbashi imekaa ndani ya miombo hiyo. Kwa hiyo sisi tumebakiwa na mmoja, mbweha miraba: kilo 7 hadi 12 hivi, kijivu, mstari hafifu ubavuni, ncha ya mkia nyeupe. Mbweha mwekundu naye ana ncha ya mkia nyeupe, kwa hiyo mtu akimwona mnyama sekunde mbili kwenye taa za pikipiki halafu aape kwamba ameona kile cha kwenye filamu, mimi simcheki.

Sasa hili la kuua bila kula, ambalo naona ndilo lililokuumiza zaidi. Watu wengi huliona kama ukatili, au hata kama kitu kilichotumwa na mtu. Kuna Mholanzi mmoja, Hans Kruuk, mtaalamu wa tabia za wanyama, aliyelichunguza jambo hili kwa makini akaliandika mwaka 1972. Alianzia Uingereza, pwani ya Ravenglass, mahali ambapo ndege wa baharini hutaga chini kwa maelfu. Akagundua kwamba mbweha wekundu walikuwa wakiua ndege wengi kupita kiasi katika usiku wa giza totoro na dhoruba, wakawaacha pale pale. Usiku wa namna hiyo ndege hawaruki, wanabaki chini wameganda. Baadaye alipokuwa Serengeti akayaona yale yale kwa fisi: usiku mmoja wa giza na mvua, swala tomi zaidi ya 100 waliuawa au kuvunjwavunjwa, na fisi wakala wachache tu.

Maelezo yake yananiridhisha mpaka leo. Ndani ya mnyama mwindaji, njaa na uwindaji havikufungwa kwa kamba moja. Akishiba anaacha kutafuta, sawa. Lakini kitu kikiruka na kupiga kelele mbele ya pua yake, mdomo unafanya kazi yake. Porini jambo hilo linajizuia lenyewe: ukimkamata mmoja, wengine wameshakimbia. Bandani kuku hawana pa kukimbilia. Kila anayerukaruka anawaita meno, mpaka banda linyamaze. Tena mbweha mwekundu akipata muda, hurudi kuchukua mmoja mmoja akafukie kila mzoga kwenye shimo lake mbali mbali, akiba ya siku ya njaa. Tunachokiita fujo, kwake ni ghala. Mkifika asubuhi na taa na kelele mnamkatiza katikati ya kazi.

Angalia basi usiku wako: mvua kubwa, giza, wavu ulioshuka, kuku waliofungiwa. Wanyama wengi wa kuwinda wangeweza kufanya hivyo hivyo, wawe wa Ulaya au wa Kasapa.

Swali lako la tatu ndilo lenye nyama, nami nitakaa nalo. Ukimuua, itakwisha? Inategemea nani anaishi juu yake na nani anaishi chini yake. Mbweha hajulikani peke yake, anajulikana kwa jirani zake.

Mbweha mwekundu ni mfano mzuri kwa sababu amechunguzwa sana, na kwa sababu amekaa katikati ya ngazi. Chini yake kuna panya wadogo wa majani, ambao ndio chakula chake kikuu mahali pengi, halafu sungura, mbawakawa, minyoo ya ardhini, mayai, mizoga, hata matunda. Akisikia panya chini ya majani au theluji huruka juu kama mtu anayeruka mtaro na kumwangukia kwa miguu ya mbele. Watafiti wa Czech walitangaza mwaka 2011 kwamba akiruka akielekea kaskazini-mashariki hufaulu zaidi kuliko pande nyingi nyingine, kana kwamba anapima kwa sumaku ya dunia. Nalitaja kwa sababu mtoto wako atalipenda.

Juu yake wapo wenye nguvu. Tai wakubwa humkamata. Linksi, paka mkubwa wa misitu ya baridi, humuua na mara nyingi hata hamli. Koyote, jamaa wa mbwa mwitu huko Amerika, humfukuza na kumuua popote anapompata, kwa sababu wote wawili wanakula sahani moja. Sasa sikiliza jambo hili: mbwa mwitu wakubwa wa nchi za baridi wakirudi mahali, mbweha mwekundu mara nyingi anapata nafuu. Watafiti waliopitia kumbukumbu za biashara ya ngozi huko Amerika ya Kaskazini walikuta kwamba pasipo na mbwa mwitu, koyote huwazidi mbweha kama watatu kwa mmoja. Penye mbwa mwitu wengi mambo hugeuka, mbweha ndio wanaowazidi koyote, kama wanne kwa mmoja. Mbwa mwitu anamwona koyote kuwa mpinzani, anampiga. Mbweha ni mdogo mno kumshughulisha, tena anaokota mabaki ya kulungu yanayoachwa na wakubwa. Adui wa adui yangu, basi.

Wala ukubwa si kila kitu. Huko Hwange, Zimbabwe, ambako mbweha miraba wetu anakutana na mbweha mgongo mweusi, yule wa mgongo mweusi ni mwepesi zaidi lakini ndiye anayemfukuza mwenzake kutoka mbugani. Wetu ni mpole. Mimi humwona kama mzee anayependa kuepuka kesi.

Tuna methali ya Kiswahili inayolieleza jambo lote: paka akitoka, panya hutawala. Wataalamu wakalipa jina refu, hasa tangu mwaka 1988 Michael Soulé na wenzake walipochunguza mabonde ya San Diego, Marekani. Mabonde ambayo koyote walikuwa wametoweka, paka wa nyumbani na wanyama wadogo wala nyama waliongezeka, na ndege wa vichakani wakapungua. Ondoa mkubwa, wa kati hupumua. Ondoa wa kati, wadogo hufurika. Uswidi walilishuhudia bila kuomba: miaka ya 1970 na 1980 upele unaoletwa na utitiri uliwapiga mbweha wekundu, wakafa kwa wingi sana. Sungura wa porini wakaongezeka, na ndege wa msituni wa jamii ya kuku wakaongezeka. Mbweha waliporudi, hesabu ile ikashuka tena. Mwaka 1994 upele huo uliingia jiji la Bristol, Uingereza, na ndani ya miaka miwili ukawa umeondoa zaidi ya asilimia 95 ya mbweha wa mjini.

Hata hofu peke yake ina kazi. Uholanzi waligundua kwamba pale mbweha wanapozunguka sana, panya wa msituni hubeba kupe wachanga wachache. Haikuwa lazima mbweha awamalize panya. Panya anayeogopa hutembea kidogo, na anayetembea kidogo haokoti kupe.

Ungeniuliza kama kuna mahali ambapo kumuua mbweha ni haki, ningejibu bila kusita: Australia. Huko hakuwepo. Waingereza walimpeleka katikati ya karne ya 19 ili wamwinde kwa farasi, mchezo tu wa matajiri, na sungura wa Ulaya walioachiliwa mwaka 1859 wakamtandikia meza. Akawafuata hadi karibu bara zima. Wanyama wadogo wa huko hawakuwahi kumjua mbweha wala paka, hawakuwa na hofu ya kurithi, na hao wawili wamechangia kuwafuta kabisa wengi wao. Na hata huko mambo hayaendi kirahisi, maana kuna maeneo ambapo baada ya kupunguza mbweha, paka ndio waliopanda.

Lakini kwenye nchi yake mwenyewe, bunduki na sumu zimeshindwa mara nyingi. Mfano ninaowapa wanafunzi kila mwaka ni wa kichaa cha mbwa. Tangu miaka ya 1940 hivi, ugonjwa huo ulikuwa ukitembea ndani ya mbweha wekundu kutoka mashariki mwa Ulaya kwenda magharibi. Uliingia Ufaransa mwaka 1968. Wakapiga risasi, wakajaza mashimo hewa ya sumu, wakalipa watu kwa kila mkia. Ugonjwa ukaendelea kutembea. Ukimuua mbweha mwenye eneo lake, unaacha nyumba tupu. Vijana wasio na eneo wanatoka mbali kuigombania, wanang'atana njiani, na ugonjwa unapanda gari la bure. Majike waliobaki wanapata chakula kingi, wanazaa vizuri. Jike hubeba mimba siku 52 hivi na huzaa wanne hadi sita kwa kawaida, kwa hiyo pengo halikai.

Waswisi ndio waliobadili mawazo. Mwaka 1978 walichukua vichwa vya kuku, wakavitia chanjo, wakavitawanya kwenye bonde la mto Rhône. Mbweha wakala, wakapata kinga, na kwa sababu hawakuuawa, walibaki kulinda maeneo yao dhidi ya wageni wagonjwa. Ukuta wa mbweha wazima! Nchi nyingine zikaiga, na mwaka 2001 Ufaransa ikatangazwa kuwa huru na kichaa cha wanyama wa nchi kavu. Vichwa vya kuku, mama. Sisi tunavitia kwenye supu.

Sasa turudi Kasapa.

Kwetu wa juu wameondoka. Simba na chui hawapo tena kuzunguka Lubumbashi, na miombo yenyewe imekatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa ya miti, kilomita nyingi kila upande. Mbweha miraba bado yupo kwenye vichaka vilivyobaki, anakaa kwenye mashimo ya vichuguu vile vikubwa tunavyovijua, anakula panya, kumbikumbi wakati wa mvua za kwanza, matunda ya msuku yaliyoanguka, na kuku mmoja akimpata nje. Kanu yupo, fungo yupo, nguchiro yupo. Lakini kiti cha simba hakikubaki wazi. Amekikalia mbwa, mbwa wenu na wa jirani zenu, wanaofunguliwa usiku bila chakula wakaungana watatu wanne.

Nakuomba usome ulichoniandikia mwenyewe. Wavu umevutwa chini. Kanu havuti wavu. Yeye hupanda, hupita kwenye tundu la ukubwa wa ngumi, na mara nyingi utakuta kichwa kimeliwa au shingo imeng'atwa safi. Nguchiro hufuata mayai na vifaranga, tena mara nyingi mchana. Fungo hutembea chini kama mzee mnene, ataingia mlango ukiwa wazi. Mbweha miraba huchukua mmoja akaenda naye, na kwa kawaida huwinda peke yake au na mwenzake, hana kifua cha kupambana na wavu. Kuku 14 wametawanyika, wamechakazwa, manyoya kila mahali, wawili wametafunwa kidogo, wavu umeangushwa kwa uzito: kwa maelezo hayo, mkono wangu unaelekea kwa mbwa. Mbwa wa nyumbani ana hamu yote ya uwindaji lakini hana nidhamu ya njaa ya porini. Yule mmoja asiyeonekana huenda alibebwa na mbwa, au na mbweha aliyepita baadaye akaokota, au na jirani mwenye sufuria. Sisemi neno.

Kwa hiyo dawa ya panya kwenye nyama, tafadhali, hapana. Itakula kwanza mbwa wa watu, na utaingia kwenye kesi ya mtaa. Itakula paka. Mwewe ataokota mzoga, bundi ataokota panya aliyelewa. Mtoto mdogo anaokota kila kitu. Ukishaondoa kanu, bundi na mbweha, mahindi yako ya stoo yatalindwa na nani? Panya wa Lubumbashi hawahitaji kutiwa moyo.

Fanya hivi badala yake. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 kuzunguka banda, ushushe wavu ndani yake, ufukie kwa mawe na kifusi, na juu ufunike pia. Wavu uwe wa chuma kinene, ule mwembamba wa matundu makubwa huzuia kuku kutoka, hauzuii kitu kuingia. Upigilie upande wa nje wa miti, ili mnyama akiegemea aukaze badala ya kuung'oa. Mlango uwe na komeo la kugeuza, si kamba. Kuku waingie kabla jua halijazama. Matumbo na damu mkichinja, zikeni, msitupe nyuma ya choo, maana mnatandika meza kila Jumapili halafu mnashangaa wageni. Na zungumza na wenye mbwa wafunge usiku. Hilo najua ni gumu kuliko kuchimba.

Jambo moja la haraka, wala si la mzaha. Mbwa ndiye chanzo cha karibu vifo vyote vya watu vya kichaa duniani, asilimia 99 kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Mbweha miraba naye huweza kuambukizwa, Zimbabwe wameliona sana, na mara nyingi mwanzo wake ni mbwa. Mbweha akija mchana katikati ya nyumba, haogopi, anayumba au anamwaga mate, msimkaribie na msimpige kwa fimbo mkononi. Mtu aking'atwa, na mbwa au na yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuomba chanjo. Akingoja dalili zianze, amechelewa. Na kama wale kuku walichakazwa na mnyama usiyemjua, usiwape watoto wawanyonyoe. Fukia.

Mvua imelainisha udongo, kwa hiyo nyayo bado zipo kama hamjafagia. Tafuta chini ya wavu ulioanguka na kwenye njia ya kutokea. Nyayo zenye vidole vinne na alama za kucha mara nyingi ni za mbwa au mbweha. Zisizo na kucha ni za kanu au paka. Zikiwa pana, zinazungukazunguka, zinarudi nyuma, zinakwenda kunusa huku na kule, ni mbwa. Zikiwa nyembamba, ndefu kidogo, zimepita kwenye mstari mmoja kama mtu aliyechelewa kazini, ni mbweha. Weka kisanduku cha kiberiti kando ya unyayo, upige picha kutoka juu, unitumie.